Daraja la vijiti na daraja la kijiji: funzo kutoka Kitale na Bungoma

Ukitoka Kitale kwenda Webuye kwa barabara kuu, utapita Kiminini na Kamukuywa na kuvuka mito bila kuitambua. Lakini acha lami, ingia vijijini, na mambo hubadilika. Mito inayoshuka kutoka Mlima Elgon na vilima vya Cherangani hukata njia za watu, na pengine kivuko ni magogo mawili tu. Mvua ikizidi, magogo huenda na maji. Mtoto hubaki nyumbani, au huvuka kwa kubahatisha.

Sisi wa Pwani hatuhitaji kuelezwa sana. Kabla ya Daraja la Nyali la 1980, watu walivuka kwa daraja lililoelea. Na Aprili 29, 1994, feri ilizama Mtongwe na watu 272 wakafa. Kivuko kibovu ni msiba unaosubiri siku yake.

Ndiyo maana ninapenda mradi wa shule ambapo wanafunzi wanaambiwa: sanifuni daraja la jamii yenu. Mtaala mpya unawataka wanafunzi watatue matatizo ya pale wanapoishi. Taabu ni kwamba mara nyingi mradi huu huishia kwenye vijiti na gundi, ukapigwa picha, ukawekwa kabatini. Kazi yenyewe iko kwenye daftari.

Kwanza, waulizeni watu. Nani huvuka hapa, saa ngapi, akibeba nini? Daraja la watoto wa shule si sawa na la bodaboda iliyopakia gunia la mahindi la kilo 90. Mama anayekwenda sokoni na mzee mwenye bakora wana majibu ambayo mwalimu hana.

Pili, uulizeni mto. Huku kwetu bahari ina kalenda: mvuvi anajua siku za bamvua na siku za maji mafu. Mto wa bara hauna miadi. Jua linaweza kuwaka kijijini huku mvua ikinyesha mlimani, na maji yakafika ghafla. Kwa hiyo tafuteni alama ya mafuriko makubwa: takataka zilizonasa juu ya miti, tope ukutani, kumbukumbu za wazee. Daraja lipite juu ya alama hiyo. Maji usiyoyafika hujui kina chake.

Kupima mwendo wa maji ni rahisi. Mkiwa ukingoni, pamoja na mtu mzima, pimeni mita 10, tupeni chungwa mtoni, hesabuni sekunde. Kumbukeni kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya maji kusukuma nguzo huongezeka mara nne. Na maji hayo hayo huchimbua udongo chini ya msingi. Madaraja mengi huanguka kwa kuchimbuliwa chini, si kwa kulemewa juu.

Tatu, pigeni hesabu ya mzigo. Kwa daraja la waenda kwa miguu, wahandisi hukadiria takriban kilo 500 kwa kila mita mraba, yaani watu wamejaa tele. Daraja la urefu wa mita 12 na upana wa mita 1.5 lina mita mraba 18. Basi libebe tani 9, mbali na uzito wake lenyewe.

Hapo ndipo daraja la vijiti hudanganya. Tuseme mfano wenu una sentimita 60 na umebeba matofali bila kuvunjika. Mkiukuza mara 20 kufikia mita 12, uzito wake huongezeka mara 8,000, lakini ukubwa wa mkato wa kila mti huongezeka mara 400 tu. Kila mti unabanwa na uzito wa daraja mara 20 zaidi ya mwanzo. Mfano hufundisha umbo, kwa mfano kwamba pembetatu haipindi kama mraba. Hauthibitishi kwamba daraja halisi litasimama.

Hata wakubwa hukosea. Kwenye mto huo huo wa Nzoia, chini kule Budalang'i, Daraja la Sigiri liliporomoka Juni 26, 2017 kabla halijakamilika, siku chache baada ya Rais Uhuru Kenyatta kulikagua. Kwa hiyo asiwepo wa kuwaachia wanafunzi wajenge wenyewe. Mhandisi lazima akague.

Basi daftari lao lina faida gani? Kubwa sana. Lina idadi ya wavukaji, upana wa mto, alama ya mafuriko na majina ya vijiji. Huo ni ushahidi, na kaunti haiwezi kuupuuza kirahisi kama malalamiko ya mdomo. Kisheria, mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Pimeni muhula wa pili mvua ikiwapo, mpelekeeni mwakilishi wa wadi nakala, nanyi mbaki na yenu. Kisha wazazi wahudhurie vikao vya umma wakiwa nayo mkononi.

Na shule zetu za Kwale, Kilifi na Tana River zisingoje Kitale na Bungoma zitangulie. Mito na mikondo tunayo, na watoto wanaovuka tunao.