Masafa au Marudio? Kusoma Sifa za Wimbi Kutoka Katika Mlinganyo Wake

Mlinganyo wa wimbi lisafirilo huandikwa y = A sin(kx − ωt). Kila herufi hubeba sifa yake: A ni upeo wa mtikisiko; k hutupatia urefu wa wimbi, λ = 2π/k; ω hutupatia marudio kwa sekunde, f = ω/2π; na ω/k ndiyo kasi. Alama ya kutoa huonesha kwamba wimbi laelekea upande wa x chanya.

Tuchukue wimbi la Capital FM ya Kampala kabla ya kubebeshwa sauti. Humo k ni takribani radiani 1.912 kwa mita, na ω ni radiani 5.737 × 10⁸ kwa sekunde. Hivyo urefu wa wimbi ni mita 3.29, marudio ni megahezi 91.3, na kasi ni mita 3 × 10⁸ kwa sekunde, yaani kasi ya nuru.

Hapa ndipo istilahi inapozua utata. Watangazaji husema “masafa mafupi” wakikusudia urefu wa wimbi, na “masafa ya 91.3” wakikusudia marudio. Ilhali kwa kasi ileile, urefu ukipungua marudio huongezeka. Neno moja haliwezi kubeba yote mawili.

Kwa kuwa Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia Kiswahili kuwa lugha rasmi mnamo Julai 2022, kanuni za mawasiliano zitakazoandikwa kwa lugha hii zahitaji usahihi huo. Tunapendekeza λ iitwe “urefu wa wimbi”, f iitwe “marudio”, na “masafa” yaachiwe umbali.