Wenye nguvu na wanaoanza katika kiwanja kimoja

Pickleball ni mchezo uliozaliwa mwaka 1965 katika kisiwa cha Bainbridge, jimbo la Washington, Marekani. Unachezwa kwa vibao vya mkononi na mpira wa plastiki wenye matundu, katika kiwanja cha mita 13.4 kwa 6.1, mara nyingi wawili dhidi ya wawili. Nauandika katika jarida la watu wa lugha kwa sababu umelazimika kujibu swali linalotusumbua na sisi: aliyebobea na aliyeanza jana wakutane vipi?

Katika bustani nyingi za umma huko Marekani, mtu haji na timu yake. Anaweka kibao chake kwenye foleni. Kiwanja kikiwa wazi, wenye vibao vinne vya mbele wanaingia, wanacheza hadi pointi 11, kisha wanarudi nyuma ya foleni. Utaratibu huu una haki ya zamu, lakini hauna usawa wa uwezo. Foleni inaweza kuleta hodari watatu na mgeni mmoja. Hapo wapinzani humpigia mgeni kila mpira, au mwenzake huvuka upande wake na kumnyang'anya mipira yote. Vyovyote vile hajifunzi kitu, na huenda asirudi tena. Hodari naye akikosa mpinzani wa kumtoa jasho, huenda akatafuta kiwanja kingine.

Dawa ya kwanza ni hesabu. Wachezaji wanaweza kupewa viwango kwa namba. Mfumo uitwao DUPR hutumia 2 hadi 8. Tuseme wapo wanne: 4.5, 3.5, 3.5 na 2.5. Ukimweka mwenye 4.5 pamoja na mwenye 2.5, jumla yao ni 7, sawa na ya wale wawili. Hata hivyo, jumla sawa haimzuii mpinzani kumwandama mnyonge. Kwa hiyo hesabu inahitaji adabu: kabla ya kuanza, wanne wakubaliane kama wanashindana au wanafundishana.

Dawa ya pili ni kuwatenganisha washindi: wanabaki kiwanjani, lakini kila mmoja anachukua mwenzi mpya, ili nguvu isikae upande mmoja mchana kutwa. Ya tatu ni kugawa viwanja kwa viwango na kuweka saa moja ya kuchanganyika. Mimi naipendelea hii, kwa sababu kila mtu anapata wa kulingana naye na pia wa kumvuta juu.

Sheria zenyewe nazo husaidia. Karibu na wavu kuna eneo la mita 2.13 kila upande, ambalo wachezaji huliita jikoni. Ukiwa ndani yake huruhusiwi kupiga mpira kabla haujadunda. Hivyo mwenye misuli hawezi kusimama juu ya wavu na kuponda kila mpira. Utulivu unapata thamani, na mgeni anaweza kuwa na utulivu.

Sasa tutazame meza zetu za mazungumzo. Mwanafunzi wa kiwango cha B2 akikaa na wa A1, mara nyingi hujibu kwa niaba yake, kwa nia njema kabisa. Ni yule mwenzi anayevuka upande usio wake. Tunaweza kuazima dawa zilezile: tupange wanne kwa uwezo, tubadilishe wenzi kila baada ya dakika kumi, tutenge saa ya kila kiwango na saa ya wote. Na tuwe na jikoni yetu: aliyebobea asiongeze neno mpaka mwenzake amalize sentensi yake, hata ikichukua muda.

Wanaoondoka kimya hawatuachii barua ya kueleza sababu. Tunaona kiti kitupu tu, na mara nyingi tunasema hawakuipenda lugha. Pengine hatukuwapa mpira.