Mtemi Alikuwa wa Nani?

Msafiri wa zamani aliyevuka kutoka Unguja hadi Bagamoyo, akafuata njia ya misafara kuelekea Ujiji, hakupita Unyanyembe bila kuutambua utemi. Alitoa hongo, ndipo akapita. Wajerumani walipotaka kuuvunja utawala huo, Mtemi Isike alipigana nao mpaka Januari 1893, akaona heri kujilipua kwa baruti kuliko kutekwa.

Waingereza hawakuuvunja utemi, waliugeuza. Sheria ya Serikali za Wenyeji ya mwaka 1926, wakati wa Gavana Donald Cameron, ilimfanya mtemi kuwa mtumishi wa serikali: akusanye kodi, atangaze amri, ahukumu kesi. Cheo kilibaki kile kile, bali mwenye kumwajibisha alibadilika. Aliyemchukiza Bwana Shauri aliweza kuuzuliwa, hata kama watu wake walimpenda.

Ili utaratibu huo udumu, shule ilifunguliwa Tabora mwaka 1925, hasa kwa ajili ya wana wa watemi. Lakini elimu haichagui la kufundisha. Mwaka 1937 aliingia hapo Julius Nyerere, mwana wa Mtemi Burito wa Wazanaki. Baada ya Makerere alirudi Tabora kuwa mwalimu, akashiriki katika tawi la chama cha TAA.

Wasomi wa namna hiyo hawakuichukia mila, kwani wengine walizaliwa ndani yake. Walilokataa ni mtu kutawala kwa jina la watu wasioweza kumuuliza neno. TANU ilipoundwa mwaka 1954, hoja hiyo ikawa ya umma. Hata Abdallah Said Fundikira, Mtemi wa Unyanyembe, aliiunga mkono TANU, akawa waziri katika serikali ya Tanganyika huru. Mwaka 1963 madaraka ya watemi yalifutwa kwa sheria.

Hata hivyo, kufuta cheo si kufuta tabia. Wasomaji wa Visiwani, ambako tangu 1890 Mwingereza alitawala kwa mgongo wa Sultani, wanalielewa jambo hili. Kila ofisa anayeiogopa ofisi ya juu na kuwadharau wananchi walio mbele yake, amekikalia kiti kile kile alichokichonga mkoloni. Swali lililoulizwa Tabora ni lake pia: yeye ni wa nani, na nani ana haki ya kumuuliza?