Kampala Yote Iingie Ramanini: Mwanzilishi wa Biashara na Mtaji Uliopo Mitaani (Sehemu ya Tatu)

Tangu tarehe 1 Julai 2025, biashara mpya iliyoanzishwa na raia wa Uganda kwa mtaji usiozidi shilingi milioni 500 imesamehewa kodi ya mapato kwa miaka 3. Msamaha huo umepokewa vizuri, na vijana wanaoanzisha kampuni wana haki ya kuufurahia. Lakini kodi ya mapato hutozwa kwenye faida, na kampuni changa nyingi humaliza miaka yake 3 ya kwanza bila faida ya kutozwa. Kinachoziua mapema ni kukosa fundi wa kukereza shafti, maabara ya kupima unga, mchapaji atakayekubali kazi ya lebo mia mbili, na mnunuzi wa jumla atakayejaribu bidhaa asiyoifahamu. Sehemu mbili zilizotangulia zilieleza usajili wa kampuni na namba ya mlipa kodi, kisha vituo vya ubunifu na jinsi vinavyochagua wanaowasaidia. Msomaji aliyezifuata hahitaji kurudiwa hayo. Hoja ya leo ni moja. Kampala ina karibu kila anachohitaji mwanzilishi, ila haijaandikwa mahali pamoja, na sababu ya kutoandikwa ilianza zamani, kabla hata ya kompyuta ya kwanza kuwashwa katika mji huu.

Tuanze na orodha zilizopo, maana zipo. Kijana akiuliza aanzie wapi, ataelekezwa Hive Colab, iliyofunguliwa mwaka 2010, au Outbox ya mwaka 2012, au The Innovation Village ya Ntinda, iliyoanza mwaka 2015, au kituo cha taifa cha ubunifu wa TEHAMA kule Nakawa. Ataambiwa habari za mashindano ya ruzuku, washauri na wawekezaji. Hayo yote ni mema na yamewainua wengi. Sasa chukua karatasi uweke alama mahali pa kila kituo kilichotajwa. Utaona alama zikijaa Nakasero, Kamwokya, Kololo, Ntinda na Nakawa, upande mmoja wa bonde la Nakivubo. Upande wa pili, wenye Katwe, Kisenyi, Mengo na Ndeeba, karatasi inabaki nyeupe. Anayelijua jiji atashangaa, kwa sababu kwenye weupe huo ndiko chuma kinakochomelewa, nafaka inakosagwa na mbao zinakopasuliwa. Mstari huo haukuchorwa na vijana wa kompyuta. Wameurithi.

Desemba 1890 Kapteni Lugard alipiga kambi kwenye kilima kinachoitwa leo Old Kampala, akitazamana na ikulu ya Kabaka Mwanga pale Mengo. Baada ya Mkataba wa mwaka 1900 ikakua miji miwili iliyogusana mabega: mji wa serikali ya Himaya, uliokuja kujikita Nakasero, na Kibuga, mji wa Kabaka, chini ya chifu wake mwenyewe, Omukulu w'Ekibuga, juu ya ardhi ya mailo. Walipokuja wataalamu wa mipango miji kalamu zao zilisimama mpakani. Mirams aliandika mpango wake mwaka 1930 kwa ajili ya mji wa serikali. Ernst May, msanifu Mjerumani aliyekuwa amesifika kwa makazi ya Frankfurt, alipangia Kololo na Naguru katika miaka ya 1940. Mpango wa Kendall ukafuata mwaka 1951. Kibuga, walikolala vibarua na mafundi waliouendesha mji huo uliopangwa, kilibaki nje ya michoro. Kampala ilipata hadhi ya jiji mwaka 1962, lakini ni mwaka 1968 ndipo Mengo ilipounganishwa nayo. Kwa zaidi ya nusu karne, basi, nusu ya mji haikuwa na ramani ya maana, na desturi ya kuitazama Kampala kwa jicho moja ikaota mizizi maofisini.

Ajabu ni kwamba kutopangwa huko kuliwapa mafundi nafasi. Katika mji wa serikali mtu alihitaji kiwanja kilichopimwa na jengo lenye kufuata masharti. Huko Kibuga alipatana na mwenye ardhi ya mailo, akalipa kodi yake, akafungua karakana. Hivyo Katwe ikawa mtaa wa wahunzi, mafundi wa baiskeli na magari, washona nguo na wachapaji wa magazeti ya Kiganda, na pia mtaa wa siasa. Ghasia za Buganda za mwaka 1949 hukumbukwa kama ghasia za siasa tu, lakini yasome madai ya wakulima wa wakati ule: walitaka ruhusa ya kuchambua pamba yao wenyewe na kuiuza bila kupitia mikono ya madalali. Hayo ni madai ya watu wanaotaka kuanzisha biashara wakazuiwa mlangoni. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Ulikuwa uonevu uliovunja maisha ya watu, na maduka yaliyoleta vipuri kutoka ng'ambo yakavurugika. Katika uhaba ule mafundi wa Katwe walizidi kuhitajika, wakafua na kukereza kwa mikono kile kilichokuwa kikinunuliwa dukani. Ujuzi huo ulirithishwa kwa kutazama na kushika, bila cheti, na ndiyo maana hauonekani katika takwimu za elimu.

Kuna kazi moja ninayotamani kila ofisa wa jiji aisome. Katikati ya miaka ya 1950 Aidan Southall na Peter Gutkind, watafiti wa taasisi ya utafiti wa jamii iliyokuwa Makerere, waliuchunguza mtaa wa Kisenyi na ule wa Mulago, wakatoa kitabu kiitwacho Townsmen in the Making. Waliingia mitaa ambayo wapanga miji waliipita kando, wakaandika nani anaishi wapi, anapanga kwa nani na anajipatia riziki kwa kazi gani. Lugha yao ina dosari za enzi ya ukoloni, na msomaji wa leo atakunja uso hapa na pale. Hata hivyo njia waliyoitumia ni sahihi kuliko nyingi za sasa: walikwenda kwa miguu, wakauliza mlango kwa mlango, wakaichukulia kazi ya muuza chai na ya fundi baiskeli kuwa jambo linalostahili kuandikwa. Umepita muda mrefu, na kijana wa Kampala anayetaka kujua nani anafanya nini Kisenyi bado anategemea kubahatika kumpata anayemjua mtu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mali ya jiji hili ni ujuzi uliotapakaa bila daftari.

Tuchukue mfano wa bidhaa moja ndogo: unga wa uji wa ulezi, soya na dagaa wa mukene, wa aina inayolisha watoto wengi mjini. Anayeuanzisha hahitaji kujenga kiwanda. Wasagaji wako Kisenyi, na mashine zao zinasaga nafaka ya mteja kwa malipo. Kikaango cha soya atakipata Katwe. Pale fundi huchora duara kwa chaki juu ya bamba la chuma, hulikata, hulikunja kwa nyundo juu ya kipande cha reli mpaka liwe pipa, kisha hulichomelea na kulipachika ekseli. Kabla ya kupokea malipo ya awali atauliza maswali mawili: kilo ngapi kwa saa, na je, umeme wa fezi moja au tatu? Mwanzilishi ambaye hajawahi kujiuliza hayo amepata ushauri wa kihandisi wa bure, na mara nyingi ni wa manufaa kuliko semina. Lebo zitatoka Nasser Road, ambako mchoraji wa kompyuta, mtengeneza pleti, mwenye mashine ya kuchapa na mkata karatasi huweza kuwa wote ndani ya jengo moja, kila mmoja na chumba chake. Mtaa huo una sifa mbaya ya kughushi hati, na wanaoghushi wanastahili mkono wa sheria. Lakini wachapaji waaminifu ni wengi, na kuwaacha nje ya orodha kwa kosa la wengine ni dhuluma. Mafunzo ya usindikaji yapo katika Taasisi ya Utafiti wa Viwanda, UIRI, Nakawa. Viwango viko kwa Shirika la Viwango, UNBS, Bweyogerere, na hapo pasirukwe: Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, na wakulima wasio na hatia wakaumia pamoja na wazembe. Mwisho bidhaa itaingia Kikuubo, kichochoro cha jumla kinachopeleka mali mpaka Bunia na Beni, nchini Kongo. Vituo vyote hivyo mtu anaweza kuvizungukia kwa bodaboda ndani ya siku moja, na hakuna karatasi moja ya umma inayovitaja kwa mfuatano.

Wapo watakaosema mifano ya unga na chuma ni ya jana, kwamba kampuni changa za leo zinauza programu za simu, na programu haina haja ya Katwe. Tazama zilizofaulu. SafeBoda ilianzishwa mwaka 2014, na kabla ya simu kufanya lolote ilibidi waendesha bodaboda wafuatwe, wafunzwe usalama na wavishwe kofia ngumu. MTN ilipoleta huduma ya pesa kwa simu Machi 2009, mitambo pekee isingetosha bila mawakala vibandani. Programu inayodumu Kampala husimama juu ya watu waliokuwapo tayari. Mwanzilishi asiyejua walipo hujikuta akitengeneza suluhisho la mji wa kubuni.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na wanaolitoa wana sababu. Fundi akiandikwa, watakaomfikia kwanza ni nani: wateja, au mtoza kodi na askari wa jiji? Januari 2022 wachuuzi waliondolewa katika barabara za Kampala, na mwenye karakana pembeni mwa barabara hajasahau. Kumwambia aamini tu ni kumdharau. Kwa hiyo ramani isiandike mapato wala mtaji wa mtu. Iandike kazi, mashine, siku na mahali, kwa hiari ya mwenyewe, naye awe na uwezo wa kujifuta. Na itunzwe na chuo pamoja na vyama vya mafundi, mbali na mamlaka ya mapato. Fundi akiona wateja wapya wanakuja kwa ajili ya ramani, wenzake wataomba waandikwe.

Wengine husema ramani huchakaa mara tu inapokamilika. Ikichapwa na kufungiwa kabatini, ni kweli. Lakini Dar es Salaam, kuanzia mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatuma wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wakazi, wakachora kata zinazokumbwa na mafuriko, na kazi yao wakaiweka kwenye ramani ya wazi ya OpenStreetMap, ambayo yeyote huweza kuirekebisha. Kibera ya Nairobi ilikuwa imechorwa na vijana wake wenyewe tangu mwaka 2009. Walichora mitaro na njia. Hakuna kinachozuia kuchora karakana na vinu. Hapa kwetu hata mahali pa kuanzia papo. Mpango wa Maendeleo ya Parishi, uliozinduliwa Februari 2022 na kupangiwa shilingi milioni 100 kwa kila parishi kwa mwaka, umewafanya maofisa wa parishi wakusanye habari za kaya. Iongezwe safu moja ya hiari: fundi wa nini, na ana chombo gani.

Na iandikwe kwa lugha zinazozungumzwa karakanani. Orodha nyingi za misaada ya wanaoanza biashara zimeandikwa kwa Kiingereza cha ofisini, lugha ambayo mchomelea chuma wa Katwe hajadiliani bei kwayo. Kiganda ni lazima. Kiswahili nacho, ambacho Baraza la Mawaziri liliridhia Julai 2022 kifundishwe kwa lazima shuleni, ndicho kitakachomsaidia mnunuzi kutoka Bunia kuisoma ramani hiyo hiyo anaposhuka Kikuubo. Kufundisha lugha darasani na kuinyima kazi mitaani ni kutupa fedha.

Gharama yake isitiwe chumvi. Wanafunzi wa Makerere hutakiwa kwenda mazoezini kabla ya kuhitimu, na wengi huishia kupanga mafaili katika ofisi zisizowahitaji. Mamlaka ya Jiji na idara ya jiografia wakubaliane mwaka huu: wanafunzi wagawanywe katika tarafa zote 5, Central, Kawempe, Rubaga, Makindye na Nakawa, waanzie Katwe na Kisenyi kwa kuwa huko ndiko kulikosahauliwa kwanza, na kazi yao isahihishwe na mafundi wenyewe kabla ya kupewa alama. Nawe msomaji mwenye karakana, usiwangoje. Andika mlangoni kwako kazi unayoifanya, mashine uliyonayo na siku unazopatikana. Sehemu ya nne itaanzia Bweyogerere, kueleza hatua za kupata alama ya ubora kwa bidhaa ya chakula.