MAJI YA MERU YANA UMRI GANI?

Mama afunguaye bomba alfajiri pale Kaloleni, mjini Arusha, huona maji tu. Si rahisi kufikiri kwamba huenda sehemu ya maji hayo ilinyesha juu ya Mlima Meru kabla babu wa babu yake hajazaliwa.

Wataalamu huyajuaje hayo? Maji hayana cheti cha kuzaliwa, lakini yana alama.

Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, mataifa makubwa yalilipua mabomu ya nyuklia hewani. Milipuko hiyo ilizaa kwa wingi tritiumu, yaani haidrojeni itoayo mionzi, ikanyesha pamoja na mvua duniani kote. Kila baada ya miaka 12 hivi, nusu yake hutoweka. Katika miaka ya 1970 wachunguzi wa bahari waliifuata alama hiyo, wakaona jinsi maji ya juu yanavyozama na kuchanganyika na ya chini.

Kwa maji ya kale zaidi hutumika kaboni 14, ipunguayo nusu kwa miaka 5,730. Hiyo ilionyesha kwamba maji ya vilindi vya Pasifiki hayajaonana na hewa kwa karne nyingi.

Saa hiyo hiyo hufanya kazi nchi kavu. Utafiti wa Arusha uliochapishwa mwaka 2018 ulipima kaboni 14 katika visima na chemchemi. Baadhi ya maji yalitokana na mvua za karibuni. Mengine yalikuwa yamekaa ardhini zaidi ya miaka elfu moja. Msomaji asihofu: alama hizi ni kidogo mno, hazimdhuru mnywaji.

La kuhofia ni jingine. Maji ya kale tukiyavuta kwa pampu leo, masika ya mwakani hayatayarudisha. Wala kuchimba kisima kipya si dawa ya moja kwa moja, kwani miamba ya volkano ya Meru hutia floridi katika maji. Kiwango kinachokubalika ni miligramu 1.5 kwa lita. Sehemu nyingi za Meru hukizidi, na meno ya watoto yenye rangi ya kahawia ni ushahidi.

Basi kila kisima kipimwe kabla ya kutumiwa, misitu ya mlimani ilindwe, na bomba livujalo lizibwe. Wahenga walisema akiba haiozi. Ni kweli, lakini huisha.