Kinanda Kisicho na Mpigaji

Wahunzi wa kale wa nchi za Mbeya na Iringa walivukuta moto kwa mivukuto miwili ya ngozi. Mmoja ulipobanwa, wa pili ulivuta pumzi. Hivyo upepo haukukatika, wala moto haukulala. Upepo usiokatika ndio uliokuwa uhai wa kinanda cha barabarani, kilichopitishwa zamani katika miji ya Ulaya. Hata mtu asiyejua muziki aliweza kukiliza, maana kazi yake ilikuwa kuzungusha mkono wa chuma tu.

Mkono ule ulifanya kazi mbili pamoja. Ulisukuma mivukuto iliyopeleka upepo kwenye filimbi, tena ulizungusha polepole gogo la mti lililochongwa duara, lenye vijisumari vingi. Kila kijisumari kilipopita kiliinua kidole cha mti. Kidole kikafungua kilango, upepo ukaingia katika filimbi yake, nayo ikalia. Palipotakiwa sauti ndefu, fundi alipigilia kipande cha waya badala ya kijisumari. Kazi hiyo ilitaka macho na saburi, kwani kijisumari kimoja kikikaa kombo wimbo huharibika. Tena gogo moja lilichukua nyimbo chache tu, na aliyetaka nyimbo mpya ilimbidi apate gogo jingine.

Katika London waliozungusha vinanda hivyo walikuwa hasa Waitaliano maskini. Bwana mmoja mwenye elimu kubwa ya hesabu, Charles Babbage, aliudhika sana kwa kelele zao. Mwaka 1864 ikatungwa sheria iliyompa mwenye nyumba ruhusa ya kumwondosha mpigaji karibu na mlango wake. Babbage alitaka utulivu wa kufikiri. Yule maskini alitaka mkate, wala hakuwa na kazi nyingine.

Ajabu ni hii: Babbage mwenyewe alikuwa amebuni mtambo wa hesabu utakaoongozwa na karatasi ngumu zenye matundu. Shauri hilo alilipata katika mtambo wa kufumia nguo wa Jacquard, Mfaransa, wa mwaka 1804. Mtambo wa Babbage haukumalizika. Lakini mwaka 1892 nyumba ya Gavioli ya Paris ilitia karatasi za namna ile ile ndani ya kinanda!

Karatasi hizo zilikunjwakunjwa kama kitabu kirefu. Zilipopita, vidole vidogo vya chuma vilizigusa. Penye tundu kidole kiliinuka, filimbi ikalia, na urefu wa tundu ukawa urefu wa sauti. Sasa wimbo uliweza kuwa mrefu upendavyo, na wimbo mpya ulikuwa kitabu kipya tu. Vikaundwa vinanda vikubwa vya viwanja vya sherehe, vyenye ngoma na sanamu za watu, vikiendeshwa kwa mashine.

Katika miji ya Uholanzi vingine vingali vikisikika barabarani. Mwenye kinanda husimama kando akitikisa kikopo cha shaba kwa kufuata mwendo wa wimbo, akingoja sarafu za wapitao.