Utangulizi: Homa Inayoufichua Moyo

Mtoto wa Lugoba, mkoani Pwani, akishikwa na homa kali kisha akazimia, jina la kwanza kutajwa nyumbani ni degedege, la pili malaria. Mara nyingi majina hayo ni sahihi. Taaluma ninayokukaribisha humu inashughulika na wale wachache waliozaliwa na hitilafu katika umeme wa moyo, wakaishi nayo bila dalili mpaka siku homa ya virusi, iwe mafua makali, dengi au UVIKO-19, ilipoifichua.

Vipo virusi vinavyoshambulia msuli wa moyo wenyewe; hilo ni somo jingine. Hapa chanzo ni jeni. Kila pigo la moyo huanza na chembe za sodiamu zinazoingia kwenye seli kupitia vitundu vya utando wake. Mwaka 1992 ndugu wawili wa Hispania, Pedro na Josep Brugada, walieleza wagonjwa 8 wenye mchoro wa umeme wa moyo (ECG) usio wa kawaida, ambao mioyo yao ilisimama ghafla ingawa haikuwa na kasoro ya umbo. Mwaka 1998 ugonjwa huo, uitwao wa Brugada, ukahusishwa na jeni iitwayo SCN5A, inayotengeneza vitundu hivyo. Joto la mwili likipanda, vitundu vyenye kasoro huzidi kushindwa kazi, na mapigo yanaweza kuvurugika mtu akiwa usingizini.

Kwa hiyo ECG ina thamani kubwa homa ikiwa bado iko juu. Joto likishashuka, mchoro unaweza kurudi kama wa mtu mwenye afya. Sisemi panadol icheleweshwe. Nasema ECG iwahi.

Upo pia ugonjwa wa QT ndefu, yaani umeme wa moyo kuchelewa kujiandaa upya baada ya kila pigo. Madaktari Jervell na Lange-Nielsen waliueleza huko Norway mwaka 1957, katika familia yenye watoto viziwi waliokuwa wakizimia. Wenye ugonjwa huu huweza kudhuriwa na dawa pia: klorokwini na azithromaisini, zilizokimbiliwa sana duniani mwaka 2020, hurefusha QT.

Kisha yapo maswali kuhusu ukoo wa mgonjwa, na hayahitaji mashine. Wakwere, wenyeji wa Lugoba, kwa mila huhesabu ukoo upande wa mama. Jeni haijui mila. Mzazi yeyote mwenye kasoro ya Brugada, baba au mama, anaweza kumrithisha kila mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu. Basi uliza pande zote mbili: nani alikutwa amekufa kitandani, nani alizama ilhali anajua kuogelea, mtoto gani aliitwa wa kifafa na dawa za kifafa zisimsaidie. Vifo hivi vijijini hupewa sababu upesi, mkono wa mtu. Sina haja ya kubishana msibani; nataka viandikwe kwenye faili.

Tiba ipo. Wengi wenye QT ndefu husaidiwa na propranololi, dawa ya siku nyingi na ya bei nafuu. Wengine huhitaji kifaa cha kushtua moyo kinachopandikizwa kifuani. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iko Muhimbili, na rais mstaafu ambaye imepewa jina lake alizaliwa Msoga, jirani kabisa na Lugoba. Ombi langu kwa mganga mfawidhi na muuguzi watakaosoma kurasa hizi: mkimpa mgonjwa rufaa ya kwenda huko, waandikieni na ndugu zake wa damu wakapimwe.